Baiskeli ya Namegabe

Lisette alikuwa kwenye foleni ya basi la Kinama aliposikia wanaume wawili wasiojuana wakibishana nyuma yake. Kijana alikuwa akimwonyesha mzee picha ya baiskeli, kinga kama walivyoiita, kwenye simu.

"Hii kinga ni retro, papa," kijana alisema. "Ya kupanda milima, ya miaka ya tisini. Kadre, hii mifupa yake, ni ya chuma, haina springi hata mbele."

"Apana. Uzee peke yake haitoshi," mzee akajibu taratibu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusahihisha barua za wengine. "Retro inabaki vile ilitoka kiwanda. Hii walibadilisha kiti, tena walifunga kitenge ku mikono ya usukani."

Lisette akageuka, akaiona picha. Kile kitenge cha kijani alikishona yeye mwenyewe. Kaka yake Namegabe alikuwa ameondoka na baiskeli hiyo kupeleka sabuni Gatumba, na kwa wiki tatu sasa simu yake ilikuwa haipatikani.

"Kiti na kitenge nitatoa," kijana alisema. "Hapo itakuwa retro ya kweli."

"Na mwenye kuiuzisha alikuambia nini?"

 Kijana alizima simu, akaitia mfukoni.

Basi likasimama, watu wakaanza kusukumana. Kijana akampisha Lisette. "Panda, mama."

Lisette hakupanda. Alijikuta ameshika mkono wa shati la kijana, na sauti ikamtoka ndogo sana.

"Mwenye ile kinga," aliuliza, "ulimuacha muzima?"