Siku Aliyofua Shati

Wasikilizaji wapendwa, Mungu aliyetuamsha salama atujalie na masikio ya kusikia. Leo tunamkumbuka mama mmoja, mwandishi wa shajara ya vita. Tumemzika juzi.

Kabla ya vita aliandika hadithi za mapenzi, maneno matamu kurasa nzima. Vita vilipofika mtaani kwao, alijificha na wanawe wawili, wa kiume na wa kike, pamoja na kaka yake katika ghala la duka la vitambaa, chini ya ardhi. Karatasi hazikuwepo. Akawa anaandika katikati ya mistari ya riwaya yake mwenyewe. Nafasi ilikuwa nyembamba. Maneno matamu hayakuenea.

"Andika na ukutani," kaka yake alimtania, "angalau panya nao wasome."

Siku moja mwanawe wa kwanza alitoka kutafuta maji. Akapigwa risasi mlangoni. Siku ile mama aliandika, "Leo nimefua shati lake."

Mstari mmoja tu, wasikilizaji.

Amani iliporudi, mchapishaji aliipokea shajara. Msahihishaji wake akapiga simu.

"Mama, baada ya shati kuna ukurasa umepotea."

"Haujapotea."

"Sasa kilio kiko wapi?"

Hakikuwepo. Mchapishaji akasema wazi: bila kilio, hakuna kitabu.

Binti yake alimsihi. "Mama, ongeza japo machozi kidogo. Watu watasema una moyo wa jiwe."

"Waseme. Siku ile sikulia, mwanangu. Nilifua. Nikiongeza machozi leo, nitakuwa nimemlilia mtoto wa hadithi. Wangu nitamwacha wapi?"

Shajara ikalala kabatini miaka mingi, hadi mchapishaji mwingine alipoichapa kama ilivyo. Bila neno la kuongeza. Wasomi walisema imewafundisha waandishi wetu kunyamaza panapostahili. Lakini binti anamkumbuka zaidi mwanamke mmoja, muuza nyama, aliyeisoma akaja kubisha hodi na aproni yake kiunoni.

"Dada yangu, siku walipoleta maiti ya mume wangu, mimi nilipiga deki nyumba nzima. Miaka yote nimedhani nilirukwa na akili."

Mwandishi akamvutia kiti. Wakalia wote wawili. Binti anasema hakuwahi kumwona mama yake akilia kabla ya siku hiyo.

Kwa binti, na kwa mjomba wake, poleni sana. Mungu awashike mkono. Nasi wengine, leo tukae kidogo na wetu waliotangulia. Tusiwapambe. Tuwaombee jinsi walivyokuwa.