Gari la Bosi Lakataa Paswodi

Benchi ni langu. Nasema mapema kwa sababu wanaolikalia wamejisahaulisha. Mimi nashona viatu hapa, mkabala na kliniki ya meno, na kazi ya hawa wawili ni kunimalizia kahawa na kunizibia mwanga: Waziri, kinyozi wa chumba cha pili, anayejua siri za serikali zote duniani, na Mzee Ushahidi, karani mstaafu wa mahakama, ambaye hata ukimwambia mvua inanyesha atataka shahidi. Siku hiyo, saa nne na nusu asubuhi, likaegeshwa gari jeusi la yule mama mwenye maghala. Mama akaingia kwa daktari. Dereva wake, tunayemwita Taratibu, kwa kawaida hushuka akaja kunywa nasi. Siku hiyo hakushuka. Alibaki anaibonyeza ile skrini kubwa ya gari kwa kidole kimoja, jasho linamtoka.

— Kuna nini, Taratibu? nikamuuliza.

— Binti yangu anahitimu uuguzi leo, saa tano. Chuo kinaonyesha kwa video, ila mpaka uwe na akaunti waliyoialika. Nimeingia intaneti ya gari, inanikatalia.

Simu yake ya maana alimpa binti huyo huyo alipoanza chuo. Yeye alibaki na kasimu ka vitufe. Binti ndiye aliyemfungulia akaunti, akamwandikia paswodi kwenye karatasi, akamwambia: "Baba, nikiitwa jina nitatazama kamera. Ujue ni wewe ninayekutazama."

— Sasa kwa nini hukwenda mwenyewe? akauliza Waziri.

— Bosi kakataa.

— Jamani! Watu wana roho ngumu!

Tukalizunguka gari. Taratibu akaisoma karatasi herufi moja moja, akaandika. Skrini ikajibu: Kwa usalama wako, huwezi kuingia kutoka kwenye kifaa hiki.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Waziri. Ingiza tena.

Akaingiza tena, ikakataa tena. Kibaba wapi.

— Umevuta breki ya mkono? akauliza Mzee Ushahidi. Gari likijihisi linatembea halitoi video.

— Nimevuta, mzee.

— Basi ni hivi vioo vyeusi, akasema Waziri. Magari ya siku hizi yana jicho, bwana. Linatafuta uso wako halikuoni.

Tukashusha vioo vyote vinne. Mimi pia nilishusha kimoja, sijitoi. Ikakataa.

— Nimepata! Waziri akapiga kofi paa la gari. Linajua anayekaa mbele ni dereva, na dereva hana akaunti. Mwenye gari hukaa nyuma. Kaa nyuma, Taratibu, lidhani wewe ndiye bosi!

— Nani atabonyeza?

— Mimi hapa.

Miaka saba analiendesha gari hilo, hajawahi kukaa nyuma. Alikaa kwenye ncha ya kiti, magoti yamebanana, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari. Waziri akabonyeza kwa vidole vilivyojaa nywele za mteja. Mteja mwenyewe alikuwa kaachwa kwenye kiti kule, kichwa nusu.

Ghafla kiduara kikaanza kuzunguka kwenye skrini. Kasimu ka Taratibu kakalia. Meseji. Akaisoma kwa sauti: "Kuna mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti yako kwa kifaa kisichojulikana. Je, ni wewe? Jibu 1 kwa ndiyo, 2 kwa siyo."

— Moja! nikapiga kelele. Bonyeza moja!

— Ngoja kwanza, akasema Mzee Ushahidi, akainua kidole. Kifaa ni cha nani?

— Cha bosi.

— Na aliyebonyeza ni nani?

— Waziri.

— Sasa wewe uko wapi hapo? Miaka thelathini na moja nimeona watu wakifungwa kwa kusema ndiyo. Njia ya mwongo ni fupi.

— Mzee, hiyo ni mashine tu! nikasema.

— Mashine ndiyo haisahau. Na hilo gari likimsimulia bosi wake?

Hapo Taratibu akagwaya. Akabonyeza mbili.

Kasimu kakalia tena: "Asante. Tumeilinda akaunti yako. Imefungwa kwa saa ishirini na nne."

Waziri alikimbia, akampokonya mteja wake simu, akarudi anahema. Tukajaribu na hiyo. Imefungwa. Tukaizima, tukaiwasha. Imefungwa. Saa tano na dakika kumi na tano.

— Wanaita kwa kufuata herufi? nikamuuliza Taratibu.

— Ndiyo. Yeye ni wa mwanzo mwanzo.



— Subira huvuta heri, Waziri akanong'ona.

— Nyamaza, wewe, nikamwambia.

— Ananitazama sasa hivi, akasema Taratibu. Mwanangu ananitazama, na mimi natazama viatu vibovu.

Niliumia, sifichi. Nikammiminia kahawa iliyobaki, ilikuwa nusu kikombe. Hakuigusa.

Mara mlango wa kliniki ukafunguka, mama akatoka. Taratibu aliruka kutoka kwenye gari kama mwizi. Mimi ningenyamaza, lakini ulimi wa Waziri hauna breki.

— Shikamoo, mama. Samahani, lakini hili hukufanya vizuri. Unamnyimaje mtu ruhusa siku ya mahafali ya mwanawe?

— Ruhusa gani?

— Ya leo! Binti yake anahitimu uuguzi.

Mama akamgeukia Taratibu. Taratibu alikuwa anatazama tairi. Tukaelewa sote kwa mpigo mmoja: hakukataliwa. Hakuwahi kuomba. Alimwogopa bosi hata asifungue kinywa, kisha akamdanganya binti, na sisi akatudanganya.

— Ni leo? mama akauliza. Lakini mimi leo nimekuja kusafishwa meno tu. Ningeweza kuja hata wiki ijayo.

Akangoja. Tukamwachia Taratibu ajibu. Akaendelea kutazama tairi.

— Miaka saba, baba. Mbona hukuniambia?

Hakuuliza kwa ukali. Angefoka ingekuwa nafuu, tungepata wa kumlaumu. Nikamtazama Waziri, Waziri akamtazama Mzee Ushahidi, na mzee akawa anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Taratibu akajipangusa uso kwa kiganja.

— Tunaelekea wapi sasa, mama?