Winchi Ana Moyo Mkubwa

— Hubebi!

— Nabeba.

— Zefania, hubebi gunia mimi nikiwa nakuona!

— Basi geukia kule, Zaituni, umimine kahawa.

Aliyekatazwa ni Zefania, kuli ambaye stendi nzima ya Same ilimwita Winchi, kwa jinsi alivyokuwa akiinua gunia la mchele kabla ya kuugua. Aliyekataza ni Zaituni, muuza kahawa, mwenye birika lake juu ya jiko la mkaa na benchi moja la mbao mkabala na ghala. Zamani ghala lilikuwa la ushirika, na kuli akiumwa alisubiriwa. Siku hizi biashara ni ruksa, ghala ni la mwenye pesa, na nafasi ya kuli ni kofia yake tu: gunia tupu lililokunjwa ncha, la kuvaa kichwani likafunika mgongo. Lori likifika kofia yako ikaonekana, nafasi ni yako. Isipoonekana, jina lako linafutika. Ya Zefania ilikuwa haijaonekana tangu masika, na mwenye ghala alishasema leo ndiyo mwisho. Lori la mchele kutoka Ndungu lilikuwa njiani. Zefania alikaa na kofia yake magotini, akipokea joto la kikombe viganjani, akimshukuru Mungu kimyakimya kwa kuamka tena.

— Mwache bwana, alidakia Novatus, fundi redio, ambaye kwa kupenda kutangaza habari walimwita Redio Mbao. Daktari mwenyewe kasema Winchi ana moyo mkubwa. Sasa mwenye moyo mkubwa aogope gunia?

— Alisema umekuwa mkubwa, Zefania akamsahihisha. Umetanuka.

— Si ndiyo hiyo hiyo! Lori ukilifunga injini kubwa linapanda mlima mpaka Bombo bila kupumzika.

— Mimi hata kutoka kitandani mpaka uani napumzika. Alisema mafua yale yana kidudu kisichoonekana kwa macho. Kwa watu wengi yanaishia puani na kifuani, wanapona. Kwangu kidudu kikashuka mpaka kwenye moyo. Msuli wa moyo ukavimba, ukachoka, haupigi damu sawasawa. Ndiyo maana miguu ilijaa maji na pumzi ikawa inakata.

— Ngoja kwanza. Moyo una msuli? Ule wa kuvaa?

— Msuli wa nyama, Redio!

— Mimi nakwambia wako umelegea fundo tu. Kaza msuli, baba, ubebe!

Benchi zima likacheka. Zefania naye alicheka, kisha ikabidi aache. Aliweka mkono kifuani, akaangalia chini, akangoja mapigo yapungue. Zaituni aliliona hilo. Akampa kashata ambayo hakuiomba.

Mzee Melkizedeki, aliyekuwa karani wa shamba la mkonge, alipenga kamasi kwenye leso, akaikunja vizuri. Hata baada ya kustaafu waliendelea kumwita Karani.

— Mnaongea bila mpangilio. Mafua haya yameletwa na mitumba. Mzungu anapiga chafya ndani ya koti, anaufungia ugonjwa mfukoni, koti linapanda meli, linashuka Tanga, wewe unaingiza mkono kutafuta joto. Kwisha!

— Karani, na hilo koti ulilovaa? aliuliza Redio Mbao.

— Hili? Unadhani napenga kwa kupenda?

— Sasa yalifikaje moyoni?

— Kwa mfereji. Wewe ni wa tambarare, hujui. Sisi wa milimani tuna ndiva, bwawa la kukusanyia maji usiku ili mchana tumwagilie. Pua ni mfereji, moyo ni ndiva. Usipoziba mfereji, ndiva inafura.

— Haa! Redio Mbao akaruka kutoka benchini. Ndiva ikijaa si ndiyo neema? Shamba linakunywa! Winchi, simama, umejaa tayari!

— Ndiva ikifura sana inabomoka, alisema Zaituni.

Wakati huo alifika Nashipae, mama wa Kimasai kutoka tambarare, aliyemletea Zaituni maziwa. Alimwamkia Karani, akatua kibuyu, akasikiliza kidogo.

— Huyu baba, moyo yake imeumwa?

— Umevimba, mama, alijibu Zaituni. Ila anataka kubeba magunia.

— Ndama yangu ikivunjika mguu nafunga mguu, inalala. Hii moyo, yeye inalala saa ngapi?

Redio Mbao aliitazama kofia iliyokuwa magotini kwa Zefania. Zefania alisikia moyo wake mwenyewe, du, du, ukienda. Wiki ile ya mafua malori yalikuwa mengi. Alibeba huku anatetemeka, na usiku alipolala, moyo uliendelea kupiga. Haukuwahi kukaa benchini hata mara moja.

Honi ikalia barabarani. Lori la Ndungu. Zefania akajishika magoti ainuke, lakini kofia haikuwapo tena magotini. Ilikuwa kichwani kwa Redio Mbao, imemfika puani.

— Wewe, unakwenda wapi?

— Kukukalia nafasi. Moyo wako haulali, basi lala wewe.

— Redio, hujawahi kubeba kitu kizito kuliko betri!

— Nilikubeba wewe kwa baiskeli mpaka hospitali. Kwani wewe ni mwepesi?

Gunia la kwanza lilimkunja kama ndoano. Makuli walicheka mpaka wakakohoa, kisha wawili wakalishika kwa nyuma, wakamsukuma mpaka ghalani. Mwenye ghala alitazama kofia, hakutazama uso. Zefania alikaa. Zaituni akapindua birika, akammiminia tone la mwisho.

— Imekwisha, alisema. Kunywa polepole.

Jioni walimsindikiza nyumbani. Redio Mbao alitangulia, kofia kichwani, mkononi kifuko cha mchele uliofagiwa sakafuni, ambao kuli hupewa. Zefania alifuata nyuma kabisa, taratibu, akipumzika kila penye jiwe.

Raheli, mkewe, alipofungua mlango aliiona kofia ya mumewe kwenye kichwa cha mtu mwingine. Akajishika mdomo. Alidhani ameletewa msiba, mpaka alipoona, nyuma ya koti la Karani, Zefania anakuja na miguu yake mwenyewe, anatabasamu. Alilia, akacheka, akaupokea mchele kwa mikono miwili, akawashika wote mikono mmoja mmoja. Ndipo Karani akapiga chafya.

Raheli akarudi hatua moja, akaziba mlango.

— Shikamoo, mzee wangu, ahsante sana kwa kumleta. Lakini mafua yako hayapiti hapa. Chai nitakuletea huko huko nje.