Shimo la Kidole Gumba

Basi la asubuhi lilikuwa limeshaipita Soni, likiteremka kwenda Mombo. Zuberi, mkulima wa kabichi, alijifanya amesinzia ili asikie vizuri. Kwenye kiti cha mbele yake, bibi mmoja alikuwa akimsukumia chupa ya maji dada aliyehema kama aliyepanda mlima.

"Asante bibi, siruhusiwi," dada alisema. "Figo zangu zimechoka. Naenda Tanga kusafishwa damu. Juzi maporomoko yalifunga barabara, nikakosa zamu, maji yote yamebaki mwilini."

"Basi kula peasi, mwanangu."

"Peasi nalo ni maji, bibi."

Zuberi nusura agune. Kwao, anayekataa peasi ana kisirani.

"Hiyo mashine inakukamua?" bibi aliuliza.

"Ina utando mwembamba. Damu inapita huku, maji ya dawa kule, na uchafu na maji yaliyozidi vinapenya. Ukilundika mbolea ya yuria shinani, kabichi si hunyauka hata ardhi ikiwa mbichi? Chumvi ya mbolea huvuta maji. Kwangu chumvi imejaa mwilini, inayashikilia."

Zuberi alikumbuka tuta zima lililonyauka mwaka jana, na jinsi alivyomgombeza muuza mbegu bure.

"Ulijuaje unaumwa?"

"Viatu vilinibana. Nikabonyeza mguu, pakabaki shimo."

"Baridi tu hiyo. Hata vyangu hubana. Kunywa maji!"

Zuberi alikuwa akivaa kandambili tangu Idi, viatu vilipogoma kuingia. Aliinama taratibu, akabonyeza muundi wa mguu wake kwa kidole gumba, akaachia. Basi likasimama Mombo, watu wakaanza kushuka, bibi bado anasukuma chupa. Shimo lilikuwa palepale.