Alama Tatu kwenye Pompe

Benchi la Mama Tshiala, muuza kahawa, liko njia panda ya kwenda stesheni ya Kamina, na wanaolikalia wanajua kila kitu isipokuwa kile unachowauliza. Leo hata kubishana kwao kulikuwa kwa sauti ya chini. Mbele yao lilisimama lori kuukuu la marehemu Nyembo, fundi ambaye mji mzima ulimwita Docteur, na nyumba ya tatu kutoka hapo Docteur mwenyewe alikuwa amelala ndani ya sanduku tangu jana asubuhi. Aliomba azikwe Kabondo-Dianda, kando ya mama yake, na hakuna gari jingine lililokubali barabara ile wakati wa mvua. Lakini wiki iliyopita alikuwa ameishusha pompe ya lori, ile inayosukuma mazutu, yaani dizeli, kwenye injini, akabadilisha jointi iliyovuja, akairudisha na kukaza bolti kwa vidole tu. Kabla hajaipangia mahali pake hasa, panapoamua mazutu iingie lini, homa ikamwangusha. Monga, aliyefanya naye kazi miaka ishirini, alikaa mwisho wa benchi, kahawa ikimpolea mkononi. Tangu alfajiri wamewasha mara nne. Lori linatoa moshi mweupe, linatetemeka, halivuti.

— Pa pompe biko trait tatu, alama tatu, alisema Adjudant, mwanajeshi mstaafu wa Base, kambi ya jeshi. Docteur alizikata na tupa. Moja njo ya kweli. Tufunge pa ile ya mbele, mazutu iingie mbio. Banasemaka, chelewa chelewa utakuta mutoto si wako.

— Hapana, alijibu Kisimba, aliyefanya kazi reli mpaka wakampa jina la Chef de Gare. Ukiipa avance mingi, ukiitanguliza sana, itagonga mupaka itavunja piston. Kutangulia si kufika.

— Ile methali ni ya bantu ya miguu.

— Na yako ni ya bantu ya kuzaa. Gari inazalaka?

Monga hakucheka. Kwamba moshi mweupe ni mazutu inayochelewa, hata kuku wa Mama Tshiala walishalijua. Inachelewa kiasi gani, hapo ndipo penye kazi. Asubuhi alikuwa ameisogeza pompe mbele kidogo, injini ikagonga hadi akaizima mwenyewe.

— Minyi nitabaambia kweli, Chef de Gare aliendelea. Docteur alikuwa anafungaka hii pompe wakati tu train inapiga filimbi. Njo saa yake. Sasa train inafikaka siku yenye inataka. Pompe itajua saa namna gani?

— Uongo. Gari iko na kilio, njo maana, alisema Adjudant. Inakatala kubeba docteur wake. Tulete sanduku hapa, tuwashe moteur. Mufu anasikiaka siku tatu. Pompe ikifika pa muzuri, yeye mwenyewe atatupa alama.

— Alama gani?

— Hata kugonga sanduku.

— Muache mufu apumzike, alisema Mama Tshiala, akawamiminia. Na munywe polepole, kahawa inaisha.

Kusema kweli, Adjudant mwenyewe aliogopa alilolisema.

Hapo ndipo Carine, binti wa Docteur, alipotoka nyumba ya kilio, kitambaa cheusi kichwani, macho yamevimba.

— Jambo yenu, bapapa.

— Jambo, mama. Pole.

— Famille inasema hivi: kama gari haitembei mupaka saa nane, tunamuzika hapa Kamina. Maiti haiwezi kungoja tena.

Saa saba ilikuwa imeshapita. Wazee wawili wakageukia vikombe vyao. Carine akamwendea Monga, akachuchumaa mbele yake kama mtoto anavyomchuchumalia baba.

— Papa Monga, minyi sijue bya mécanique. Lakini weye ulikuwa naye kila siku. Mulikuwa munafanyaka namna gani?

— Yeye anasimama pa pompe. Minyi niko mbele, nazungusha moteur na clé, spana ile mukubwa. Polepole. Yeye anainama, anaangalia. Kiisha anasema, "Basi". Naacha.

— Alikuwa anaangalia nini?

Miaka ishirini Monga alikuwa upande wa radiator, uso kwenye chuma, akingoja neno lile moja. Hakuwahi kuzunguka kwenda kutazama. Mwanzoni aliona haya, Docteur asije akadhani anataka nafasi yake. Baadaye aliona ya nini, kesho ipo. Aibu ikampanda hadi machoni.

Akamtazama Adjudant. Adjudant akamtazama Chef de Gare.

Carine alingoja. Kisha akainuka, akasema wafwako, asante ya Kiluba, akaenda kuwaambia vijana wachimbe kaburi hapa hapa.

Mama Tshiala aliinamisha birika. Yakatoka masimbi ya kahawa tu.

Monga akaweka kikombe chini, akachukua ile spana kubwa, akapiga magoti mbele ya lori. Akazungusha polepole, uso kwenye chuma kama siku zote, sikio upande wa pompe. Akazungusha tena, na tena. Hakuna aliyesema basi.