Ndoana Moja, Tena ya Juu

Kaeni, wanangu, mnisikilize mpaka mwisho, maana sauti niliyobaki nayo ni hii tu na sitaki kuirudia. Eilert, vua koti; mtu akikaa na koti najua ana safari. Solgunn, wewe andika. Binti Maret anayeniuguza na mpishi wasimame pale mlangoni wawe mashahidi, kwa sababu Solgunn, anayefanya kazi manispaa na kuzijua sheria kama wengine wanavyozijua nyimbo za kanisani, ameniambia wosia wa mdomo unakubaliwa tu kwa mtu anayekufa ghafla. Mimi nakufa polepole, kwa hiyo sistahili. Haya, andika kwamba mimi Ragnfrid, mjane na mvuvi wa Skarvnes, nina akili timamu na nimekasirika.

Hapana, Solgunn, usiniambie hasira haina nafasi kwenye wosia. Itafutie nafasi.

Nyumba ni yako wewe Solgunn, pamoja na jiko lake linalovuta moshi ndani upepo ukitoka kaskazini. Banda la mashua na gati ni vyako, Eilert; kambi yako ya wageni wanaokuja kuvua imeshakaa hapo tangu baba yenu azikwe, na hukuniuliza, kwa hiyo nakupa ulichokwisha kuchukua ili angalau mmoja wetu aonekane ana adabu. Hayo yamekwisha. Yaliyobaki ni kalibu ya kumiminia vyambo, na kalibu ndiyo iliyonifanya niwaite leo badala ya kufa kimya kama watu wa heshima.

Ile kalibu ya chuma, yenye vipande viwili na bawaba, babu yenu aliichonga kwa tupa majira yote ya baridi, kisha akamimina risasi iliyoyeyushwa, akaenda kujaribu, akarudi akitukana, akachonga tena. Chambo kinachotoka humo ni bapa upande mmoja na kimebinuka upande wa pili, na ukikiachia majini hakizami kama jiwe, kinayumba kama samaki mdogo aliyeumia ambaye hataki watu wajue. Kwa chambo hicho nimewalisha nyinyi. Kwa chambo hicho mlisoma, mkajua kusaini mikataba.

Juzi Ansgar alikuja hapa. Ndiyo, Ansgar jirani, msitazamane. Mnajua sijamsalimu tangu nilipokuwa na nguvu za kuvuta nanga peke yangu. Nilimchukua chomboni mwangu awe msaidizi, na gayogayo, yule samaki bapa wa chini kabisa, mkubwa kuliko meza ya kanisani alipoinua kichwa ubavuni, mtu mzima yule, aliyezaliwa hapa hapa na kunyonya hapa hapa, akapiga kelele: "Gayogayo! Mama yangu, gayogayo!" Kwa jina lake! Juu ya maji! Mtoto anayetambaa hapa kwetu anajua kwamba nchi kavu utamwita jina lake upendavyo, lakini ukishasukuma mashua anaitwa Mpana, basi, na anaitwa kwa sauti ya chini. Yule samaki akageuka, akaenda na chambo, na mshipi, na uvumilivu wangu wote. Tangu siku hiyo kanisani nilikaa upande wa pili, na kwenye kahawa za misiba nilimsogezea sukari bila kumtazama. Mkewe alipofariki nilimpelekea viazi kwa mkono wa mtu mwingine.

Basi juzi akasimama hapo mlipo, kofia mkononi, akasema, "Ragnfrid, sikuja kuomba radhi."

Nikamwambia, "Sijakuuliza."

"Nimekuletea hiki tu," akasema, akaniwekea pakiti juu ya blanketi. "Wamekupiga picha nzuri. Lakini wamekutundika ndoana ya meno matatu mkiani."

Nikaitazama. Kweli ni mimi, na kitambaa changu cha kichwani, natabasamu kama niliyelipwa. Chini yangu wameandika "Chambo cha Bibi Ragnfrid". Na ndani kipo chambo cha babu yenu, kimepakwa rangi ya waridi inayong'aa kama kucha za bibi harusi, na mkiani inaning'inia ndoana ya meno matatu, kubwa kama nanga ya boti ya kuchezea.

Nilipokuuliza, Eilert, ulinijibu nini? Mwambie dada yako. Basi nitamwambia mimi. Ulisema, "Mama, ndivyo wateja wanavyotaka. Wakiona ndoana moja wanadhani nyingine imedondoka."

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hili nilidhani mmelinyonya na maziwa, kumbe mlinyonya maziwa tu. Chambo hakichaguliwi na duka. Kinachaguliwa na maji. Mkondo ukiwa umelala, unashusha chepesi, kiyumbe kwa raha zake. Mkondo ukikaza, unashusha kizito, kwa sababu chambo usichokisikia kikigusa mchanga si chambo, ni mzigo unaoutembeza baharini. Rangi ni ya risasi yenyewe, iliyokwaruzwa kwa kisu upande mmoja, basi. Kikigusa chini unakiinua kadiri ya mkono, unakiacha kianguke, halafu unatulia. Unatulia, Eilert! Wageni wako wanakipandisha na kukishusha kama wanaotwanga. Mpana halali pale chini ili achekwe. Anatazama, anafuata, na anakidaka kinapoanguka, tena anakidaka kichwani, kwa sababu ndivyo anavyomeza samaki yeyote.

Ndiyo maana ndoana ni moja, na inakaa juu, kwenye pete ya kichwani, kwa kamba fupi yake peke yake. Akiuma, ndoana inashika pembe ya mdomo, na risasi inaning'inia pembeni haimsumbui. Ukiifunga mkiani, anapotikisa kichwa ile risasi inageuka nyundo: ama inaing'oa ndoana, ama inaupasua mdomo. Na yale meno matatu akiyameza yanashika matamvua, na hapo hata malaika hawezi kumtoa mzima.

Na wakubwa wote ni majike, wanangu. Mnalijua hili. Yule mrefu kuliko mlango ni mama aliyejaa mayai, na sisi tulimtoa ndoana pale pale ubavuni bila kumpandisha, kwa kuizungusha mara moja, tukamtazama akishuka. Hakuna aliyetulazimisha. Siku hizi serikali imeandika sheria kwamba wakubwa warudishwe, nami nikafurahi, nikasema hatimaye wamejifunza kwetu. Kisha wakatuma kijana mwenye utepe wa kupimia, akakaa gatini kwako akinywa kahawa. Mgeni wako mmoja akaleta jike ambaye matamvua yake yalikuwa yamechanika yote, anavuja damu kama bomba. Kijana akampima, akaona amezidi kipimo, akasema sheria inasema arudishwe. Ansgar akamwambia, "Bwana mdogo, huyu amekufa." Kijana akasoma karatasi yake, akasema hapo haikuandikwa. Wakamrudisha. Maiti ikarudishwa baharini kwa mujibu wa sheria, na kila mtu akaenda kula akiwa hana kosa. Na chambo kilichomuua kina sura yangu.

Sura yangu, Eilert! Ningekuwa na miguu ningeshuka gatini na kasia.

Kwa hiyo andika, Solgunn. Kalibu iende kwa Ansgar.

Andika, usinitazame. A-N-S-G-A-R. Mpishi amesikia. Maret amesikia.

Najua umeshasaini na wale watu wa kusini wanaouza pakiti hizi kwamba utawapelekea kalibu kabla ya kiangazi. Umeuza usichokuwa nacho, mwanangu. Hata wezi huiba kwanza ndipo wauze. Unauliza, "Nitawaambia nini?" Waambie mama yako amekufa. Litakuwa kweli kabla barua yako haijafika.

Na usiseme namlipa adui wangu ili nikukomoe. Sijamsamehe. Alitaja jina na nitakwenda nalo hilo mpaka mbele ya Mungu, nitamwambia, Bwana, alilitaja mara mbili. Lakini wewe umeliandika jina hilo la samaki ubavuni mwa kila mashua, kwa herufi za kusomeka kutoka mwezini, kisha unalalamika samaki wamehama. Yeye alikosa siku moja kwa furaha. Wewe unakosa kila asubuhi kwa mpango. Na nyumbani kwake, nimeulizia, bado anafunga ndoana moja, tena ya juu.

Maret, mwanangu, niinue mto kidogo. Hapo. Asante.

Sijakufukuza, Eilert. Andika na hili, Solgunn: majira ya baridi yanayokuja atoke na Ansgar, katika chombo cha Ansgar, chini ya amri ya Ansgar, afunge vyambo vyake mwenyewe. Siku Ansgar atakaposema "huyu sasa anajua", amimine risasi kwa ajili yake kutoka kalibu ile ile. Ansgar akikataa kumchukua, mwambieni nimesema ni mwoga. Atamchukua.

Nipe mkono, Eilert. Si huo. Kwenye droo hapo, chini ya soksi, kuna chambo, na kamba, na ndoana. Vitoe. Funga.

Sasa hivi, ndiyo. Mbele yangu.

Pete ya juu... ya kichwani, Eilert, huko unakoshika ni mkiani. Enhe. Pitisha. Zungusha. Lowesha kwa mate kabla hujakaza, kamba kavu inajiunguza yenyewe. Lete niguse.

Imelegea. Fungua.

Nitapumzika, nitapumzika kupita kiasi. Fungua, uanze tena.

Vidole vyako ni vya baba yako... vinene, havina haraka... vizuri. Lete.

Ngoja.

Shika upande huo, mimi huku. Nimevuta. Usicheke, nimevuta kwa nguvu zangu zote, ndizo hizi. Haikuteleza.

Solgunn, mama, weka kalamu chini. Hili linalofuata si la manispaa. Mnizike upande wa bahari, msinunue jiwe la kung'aa. Kahawa iwe nzito. Na Ansgar... msogezeeni sukari, mmtazame. Mungu awape mikono inayosikia chini pasipoonekana. Awape samaki wa kuwatosha, na akili ya kujua mmetosheka. Msigombane kwa ajili ya vitu vyangu. Nimewapenda... hata wewe mwenye koti.

Bado umeshika? Nakusikia... kwenye kamba. Sasa legeza, mwanangu. Polepole.

Hivyo.

Hivyo hivyo...