Edilberto Sutta Huallpa na Wenzake Kumi na Mmoja

Siku ya Jumanne, tarehe 12 Juni 2018, yapata saa saba mchana, Nilda Pumayalli alikuwa nyuma ya nyumba yake hapa Qochapata, peku, sketi ameifunga magotini, akikanyaga viazi vilivyolala kwenye barafu siku nne ili vitoe maji na kuwa chuño, viazi vikavu vya akiba, na alikuwa amebakiza lundo moja tu, simu ilipolia. Aliyepiga ni Zenón Ccorimanya, mpagazi mwenzake na mume wake na baba wa ubatizo wa binti yao, akasema, "Shemeji, kaka ameanguka kidogo." Nilda akamuuliza, "Kuanguka kidogo ndiyo kuanguka gani, Zenón?" Zikasikika pumzi za wanaume wengi na mtu mmoja akihesabu hatua, na Nilda akatoka lundoni bila kunawa miguu. Familia imeomba historia ianzie hapo, kisha irudi nyuma kwa utaratibu wake.

Marehemu Edilberto Sutta Huallpa alizaliwa tarehe 3 Machi 1984 hapa hapa Qochapata, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Nicanor Sutta, ambaye ametangulia, na Mama Benita Huallpa, ambaye yupo nasi, amekaa pale mbele. Alianza shule ya msingi mwaka 1990, na mwaka 1993, akiwa na miaka tisa, alilala nyumbani wiki tano, magoti na viwiko vimevimba, kwa homa ambayo mama yake aliikanda kwa majani ya moto mpaka ikapoa, na hakuna aliyeikumbuka tena kwa miaka ishirini na mitano. Alirudia darasa, akamaliza mwaka 1996, akaendelea na sekondari hadi kidato cha tatu, akaacha mwaka 1999 baba yake alipofariki, kwa kuwa shamba la viazi halikuwa na mtu.

Mwezi Mei 2004 alijiunga na kikosi cha wapagazi kumi na wawili wa kampuni moja ya watalii mjini Cusco, wakibeba mahema, majiko na mitungi ya gesi katika njia ya mlimani ya siku nne, ambako wageni hutembea mikono mitupu. Kwenye geti la kuingilia njia hiyo kuna mizani, mzigo wa mtu hautakiwi kuzidi kilo ishirini, na mpagazi anayeonekana kushindwa na kilo hizo haitwi tena msimu mzima. Kwa hiyo kikosi hiki kilikuwa na desturi yake. Kila mtu alipita kwenye mizani na mzigo wake, kisha kwenye kona ya kwanza, msimamizi akishatangulia, walimkalisha aliye mgonjwa, mmoja akachukua mtungi, mwingine vyuma vya hema, na mzigo wake wakaujaza magodoro mepesi ya kulalia mpaka ukaonekana mkubwa kuliko yote. Walisema leo mgongo wangu, kesho wako, na neno hilo halikutoka nje ya kikosi, hata kwa wake zao.

Tarehe 9 Agosti 2008 alifunga ndoa na Nilda katika kanisa hili, na Mungu akawajalia watoto wawili, Yesica, aliyezaliwa mwaka 2009, na Rubén, aliyezaliwa mwaka 2013. Hakuwa mtu wa maneno matamu, alikuwa na masihara makali, na alikuwa mvivu wa kuezeka paa, jambo ambalo mke wake ameomba lisifichwe, kwa sababu paa hilo bado linavuja.

Mwezi Aprili 2012 Zenón alifiwa na mtoto wake wa kike wa miaka miwili. Alirudi kazini baada ya wiki mbili, lakini miguu ilikataa, akawa anakaa njiani, amevua kofia, anatazama chini. Msimu wote ule marehemu alibeba mzigo wake na nusu ya mzigo wa Zenón, huku akimchokoza, "Inuka, bibi harusi, wageni wanasubiri supu yao," na Zenón akimtukana, na kwa kumtukana akiinuka. Hilo pekee lilimfikia Nilda, akajivunia.

Asilolijua ni hili. Tangu Agosti 2017 marehemu alianza kukosa pumzi, na wenzake wakawa wanambebea mzigo. Nyumbani alilala ameegemea ukuta, akisema mgongo unamuuma, na Nilda akamchua kwa mafuta miezi kumi mgongo usio na ugonjwa. Mwezi Oktoba alimuuliza Zenón, "Mbona anahema hivi kwa ngazi tatu za mlangoni?" Zenón akacheka, akasema, "Uzee, shemeji, na supu yako ina mafuta mno, unamnenepesha kama nguruwe wa sikukuu," naye Nilda akampiga kwa kitambaa cha vyombo, wakacheka wote watatu. Mwezi Februari, njia ilipofungwa kwa mvua, Nilda alitaka kumpeleka hospitali, marehemu akakataa, akasema, "Acha kwanza, mama Yesica, msimu huu mmoja tu." Mwezi Machi kampuni ilidai vyeti vya afya kwa wote, na cheti cha marehemu kilirudi safi, kikawekwa ukutani, na mke wake akatulia kwa sababu aliamini karatasi.

Tarehe 12 Juni, siku ya pili ya safari, saa mbili asubuhi, marehemu alianguka akikaribia kilele, akiwa na magodoro mgongoni. Wenzake waliiacha mizigo yote ya wageni njiani, wakafunga machela kwa vyuma vya hema, wakamteremsha kwa muda wa saa saba nzima, wakipokezana kila hatua mia. Watu wa mji wanasema hawajaona mtu akiteremshwa kwa upole namna ile, na familia haipingi.

Hospitalini Cusco daktari alimuuliza Nilda mgonjwa alikuwa akilala vipi, na kabla hajafungua kinywa Zenón akajibu, "Amekaa, daktari. Tangu Agosti. Tulilala tumekaa mimi na yeye, mgongo kwa mgongo, ili apumue." Daktari akauliza cheti cha Machi kilitoka wapi, Zenón akatazama sakafu, akasema, "Nilipimwa mara mbili. Mara ya pili nilivaa kofia yake." Basi moyo uliosikilizwa mwezi Machi ulikuwa moyo wa Zenón, na daktari akamweleza Nilda kuwa ile homa ya utotoni iliharibu mlango mmoja wa moyo wa mume wake, kwamba mlango wa namna hiyo hutengenezwa, na kwamba mgonjwa angeletwa hata mwezi Februari wangekuwa na la kufanya. Marehemu alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 14 Juni 2018, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne.

Jana wapagazi kumi na mmoja walifika nyumbani kuomba kubeba jeneza, na Nilda akawajibu mlangoni, "Mmeshambeba vya kutosha. Mlimbeba mpaka mkamfikisha." Hakuna aliyeondoka, wakakaa uani tangu asubuhi wakimenya viazi vya msiba bila kuambiwa, hadi Mama Benita alipomwambia mkwewe, "Binti yangu, kilima cha makaburini kina mteremko, na ndugu zako wote ni wazee." Nilda akatoka, akawaambia, "Anayetaka kushika jeneza aseme kwanza kinachomuuma, na nitakiandika, na kitasomwa mbele ya watu." Mmoja akasema, "Shemeji, msimamizi atakuwepo, tutakosa kazi." Akamjibu, "Mimi nimekosa mume. Sema au kaa."

Kwa hiyo badala ya kuwashukuru kwa ujumla, familia inawashukuru kwa majina. Rolando Illa, goti la kushoto limekwisha, hushuka mlima kinyumenyume wenzake wakimficha. Vidal Sutta, binamu wa marehemu, anakohoa damu tangu Machi. Wengine saba, majina yao pamoja na migongo na ngiri zao yameandikwa katika karatasi aliyonayo nesi wa zahanati. Zenón Ccorimanya alisema wa mwisho, akalia, akasema tangu mwaka 2012 hajavuka lile daraja la mtoni bila kutamani kujirusha, na kila safari marehemu alimvusha amemshika mkanda, naye Zenón akamwapisha asimwambie mtu. Mke wa Zenón yupo hapa, na sasa amejua. Hao kumi ndio watakaobeba jeneza. Wa kumi na moja hakusema, ni haki yake, hatutamtaja, naye hatashika. Msimamizi wa kampuni, ambaye tumemwona amefika na shada, amesikia, na Nilda anamwomba akiwaachisha kazi watu hawa aje awaambie yeye mwenyewe, nyumba kwa nyumba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Cusco, waliosema ukweli bila kuuzungusha, Padri wetu, majirani walioingia uani bila kuitwa wakamalizia lile lundo la viazi, na walimu wa Yesica na Rubén. Nilda hawezi kusema kwamba amewasamehe wapagazi, na ameomba asilazimishwe kusema hivyo leo.

Tukitoka makaburini tutarudi nyumbani, supu ya kondoo iko jikoni tayari, itapakuliwa kabla jua halijazama, na hakuna mpagazi anayeruhusiwa kupitiliza kwake. Nilda atapakua na kuhesabu mwenyewe, na sahani zao ni kumi na moja, si kumi. Rolando na Vidal wataondoka kesho kwa gari la asubuhi kwenda hospitali, Zenón atawasindikiza, na safari hii kila mtu ataingia kwa daktari kwa jina lake.

Edilberto Sutta Huallpa, baba Yesica, upumzike.